Mteja Mmoja, Grafu Moja: Afisa Ustawi Atajuaje Kuwa Amesaidia?

Jalada la shauri lililofungwa katika ofisi ya ustawi wa jamii huwa nene. Ndani mna fomu ya kumpokea mteja, taarifa ya uchunguzi wa kijamii, kumbukumbu za ziara za nyumbani, barua kwa mtendaji wa kata, barua kwa mwalimu mkuu, pengine na amri ya mahakama. Mwishoni kuna sentensi ya kufungia: hali ya mteja imeimarika, shauri limefungwa. Ukirudi kurasa za nyuma kutafuta imeimarika kutoka wapi hadi wapi, huoni kitu. Jalada linaeleza kwa uaminifu alichofanya afisa: alitembelea mara ngapi, alimshauri nani, alimpeleka mteja wapi. Yaliyompata mteja mwenyewe, wiki baada ya wiki, hayamo.

Huo si uzembe wa maafisa. Mkaguzi huuliza huduma zilizotolewa, mfadhili huuliza idadi ya walionufaika, mahakama huuliza mapendekezo, na fomu zimeundwa kuwajibu hao. Hakuna anayeuliza kwa utaratibu kama mtu huyu mmoja amebadilika na, ikiwa amebadilika, kama asingebadilika hata bila sisi. Swali hilo ndilo linaloshughulikiwa na utafiti wa mhusika mmoja, njia ya kutathmini kazi inayohitaji karatasi yenye miraba, penseli na subira. Kwa maoni yangu njia hii imekosa wafuasi kwa sababu imenadiwa vyuoni kama utafiti, na wanafunzi wakaiacha hapo hapo pamoja na tasnifu zao, ilhali mahali pake pa kweli ni kwenye uendeshaji wa shauri lenyewe.

Fani ya ustawi wa jamii iliulizwa swali hilo mapema, na aliyeliuliza hakuwa adui. Richard Cabot, daktari wa Boston, ndiye aliyeingiza kazi ya ustawi wa jamii katika hospitali ya Massachusetts General mwaka 1905. Mwaka 1931, akihutubia mkutano wa kitaifa wa watu wa fani hiyo Marekani, aliwataka wapime matokeo ya kazi yao. Kisha akaanzisha mradi wa kulipima suala hilo katika Cambridge na Somerville, miji miwili iliyopakana na Boston. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, familia na tabia. Sarafu ikarushwa: mmoja akapewa mshauri wa kumtembelea, kumsaidia masomo na kumpeleka kambini, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Huduma ilianza 1939, mwaka aliofariki Cabot, ikaendelea hadi 1945.

Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia wavulana hao walipokwisha kuwa watu wazima, na mwaka 1978 akachapisha alichokiona. Waliohudumiwa hawakuwa na uhalifu mdogo kuliko wenzao. Kwa baadhi ya vipimo, kama dalili za ulevi na kurudia makosa, walikuwa na hali mbaya zaidi. Na bado, walipoulizwa, takriban theluthi mbili yao walisema mradi uliwasaidia. Ofisi nyingi zinazofunga mashauri kwa kumuuliza mteja kama ameridhika hazijalimeza somo hilo. Mteja anaweza kushukuru kwa moyo wake wote, na shida iliyomleta iko pale pale.

Miaka mitano kabla ya chapisho la McCord, mwaka 1973, Joel Fischer alikuwa amekusanya tafiti za Marekani zilizolinganisha waliohudumiwa na wasiohudumiwa, akaandika kwamba hakupata ushahidi kuwa kazi ya maafisa waliosomea fani inawasaidia wateja, na kwamba wengine walionekana kudhoofika. Makala hiyo ilizua kelele kubwa. Kilichofuata ni cha kuvutia zaidi kuliko kelele zenyewe. Fischer hakusema kazi iachwe; yeye na Martin Bloom walichapisha mwaka 1982 kitabu cha kufundisha jinsi afisa anavyoweza kutathmini kazi yake mwenyewe, mteja mmoja mmoja. Mbinu waliyoitumia ilitoka kwa wanasaikolojia wa tabia. Murray Sidman alikuwa ameieleza kwa kina mwaka 1960. Mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Kansas wakaonyesha namna ya kuitoa maabara na kuipeleka madarasani na hospitalini, na mwaka 1976 Michel Hersen na David Barlow wakaipanga katika kitabu kimoja.

Kwa nini isitumike njia iliyozoeleka, ya kulinganisha makundi? Kwa sababu inajibu swali jingine. Tanzania tunao mfano mzuri: Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipojaribu ruzuku kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu, nusu vikaanza kupokea fedha na nusu vikasubiri. Tathmini ilionyesha, pamoja na mengine, kwamba kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii. Kwa anayepanga bajeti ya nchi, jibu hilo ni dhahabu. Lakini wastani wa vijiji 40 haumwambii afisa wa kata lolote kuhusu kaya iliyo mbele yake. Ndani ya wastani mzuri wamo walioinuka sana, wasioguswa, na walioporomoka, na afisa hajui wake ni yupi kati ya hao. Hilo hawezi kuambiwa na mtu wa makao makuu. Lazima alipime mwenyewe.

Tuunde shauri la mfano, lisilo la mtu yeyote. Mvulana wa darasa la tano anaishi na bibi yake, na mwalimu mkuu amempeleka ustawi kwa utoro. Afisa anakwenda shuleni, anaomba daftari la mahudhurio, anahesabu siku alizohudhuria katika kila wiki ya wiki nane zilizopita: 2, 3, 1, 2, 2, 3, 2, 1. Wastani ni siku mbili kati ya tano. Ziara ya nyumbani inaonyesha sababu. Asubuhi mtoto anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji, kwa kuwa mama lishe na wauza chai wananunua maji alfajiri, na hela hiyo ndiyo ya unga wa jioni. Watu wanakaa chini. Bibi anakubali maji yauzwe jioni kwa majirani, ingawa bei itakuwa chini kidogo. Mwalimu wa darasa anakubali mtoto akichelewa apokelewe bila viboko. Afisa atapita kila Ijumaa. Wiki kumi zinazofuata daftari linasema: 3, 3, 4, 4, 5, 4, 4, 5, 4, 4.

Chora wiki kwenye mstari wa chini na siku za mahudhurio kwenye mstari wa kushoto, tia nukta, ziunganishe, kisha piga mstari wa wima kati ya wiki ya nane na ya tisa. Kushoto kwa mstari huo ni kipindi cha awali (A), kulia ni kipindi cha afua (B), yaani cha hatua za kumsaidia mteja. Huo ndio muundo wa msingi kuliko yote, na watu wa fani wanauita A-B.

Grafu ya namna hiyo si kitu kigeni kwetu. Kila mama aliyewahi kubeba mtoto kwenda kliniki ameisoma. Kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito, ambayo chimbuko lake ni kazi ya daktari Mwingereza David Morley katika kijiji kimoja cha Nigeria miaka ya 1950 na 1960, ni rekodi ya mhusika mmoja, kipimo kile kile, kinachorudiwa mwezi kwa mwezi. Nesi hamlinganishi mtoto na jirani yake kwanza. Anatazama kama mstari wake unapanda, umelala au unashuka. Mama asiyejua kusoma anatazama pamoja naye, na anaelewa kabla hajaambiwa.

Sasa turudi kwenye shauri letu, maana macho hudanganywa. Wastani wa wiki kumi za afua ni siku nne, mara mbili ya ule wa awali. Je, huo ni mruko wa kweli au ni kupanda na kushuka kwa kawaida? Ziko kanuni rahisi. Mojawapo ni kuchora ukanda kuzunguka wastani wa awali, wenye upana wa mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi nukta zinavyotawanyika) kila upande, kisha kutazama kama nukta mbili au zaidi zinazofuatana za kipindi cha afua zimetoka nje ya ukanda. Kwa mtoto wetu ukanda unaanzia karibu siku nusu hadi siku tatu na nusu, na kuanzia wiki ya tatu ya afua nukta zote ziko juu yake. Fikra hii imekopwa viwandani, kwa mhandisi Walter Shewhart wa kampuni ya Bell, ambaye miaka ya 1920 alitafuta namna ya kutofautisha hitilafu ya mtambo na tofauti ndogo ndogo za kila siku. Kanuni nyingine ni kuhesabu nukta za afua zinazozidi nukta ya juu kabisa ya awali. Hapa ni 8 kati ya 10, yaani asilimia 80, na kwa kawaida ya watumiaji wa kipimo hicho, kuanzia 70 hadi 90 huhesabiwa kuwa afua imefanya kazi. Wataalamu wa takwimu watakukumbusha kwamba wiki hii hufanana na wiki iliyopita, kwa hiyo ukanda huo unaweza kuwa mwembamba kuliko inavyostahili. Ni kweli. Ndiyo maana grafu isomwe kwa macho na kwa akili kabla ya kusomwa kwa kikokotoo.

Hata hivyo, uzito wote wa jambo hili uko kushoto kwa mstari wa wima. Watu hawaji ustawi siku ya kawaida. Wanakuja siku mambo yamechacha: mume amefukuza mke usiku, mtoto amekosa shule wiki nzima, mlevi ameuza godoro. Na mambo yaliyochacha mno aghalabu hupoa yenyewe, walau kidogo, kwa sababu siku mbaya kuliko zote haiwezi kuwa kila siku. Afisa anayempokea mtu katika siku yake mbaya kabisa, akamtazama tena baada ya mwezi, ataona nafuu karibu kila mara, amefanya kazi au hakufanya. Kama afisa wetu angeanza na wiki ya nane peke yake, yenye siku moja ya mahudhurio, wiki ya siku tatu ingeonekana muujiza. Lakini daftari linaonyesha kwamba mtoto alikwisha kufikisha siku tatu mara mbili kabla afisa hajafika.

Vitabu vya Marekani vinasema afisa asubiri, akusanye vipimo kadhaa kabla ya kuanza afua. Viwango vilivyowekwa huko mwaka 2010 kwa tafiti za elimu vilitaka walau nukta tano katika kila kipindi ili utafiti upite bila dosari. Ushauri huo ukiufikisha kwenye ofisi ya halmashauri, utachekwa. Mtu ametembea kutoka kijijini, ametumia nauli aliyoazima, unamwambia arudi baada ya wiki tano ili kwanza umpime? Hapa ndipo maandishi ya fani yanapotazama pembeni haraka mno. Kipindi cha awali si lazima kisubiriwe. Mara nyingi kinaweza kuchimbwa nyuma, kwa sababu mtu mwingine alikwisha kukiandika kwa shughuli zake. Daftari la mahudhurio lipo. Kadi ya kliniki ipo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi ana rekodi za tarehe za kuchukua dawa na za wingi wa virusi. Mwanamke anayejaribu kusimama baada ya kuachwa ana daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, linaloonyesha hisa alizonunua kila wiki. Data hizo zina kasoro zake. Daftari la shule huitwa asubuhi, na mtoto anaweza kuitikia kisha akaruka ukuta. Lakini zina fadhila moja ambayo hata mahojiano mazuri hayana: ziliandikwa kabla mtu yeyote hajajua kuwa kutakuwa na shauri, kwa hiyo hakuna aliyezipamba.

Yako mashauri ambayo hayasubiri wala hayachimbwi nyuma. Mtoto anayepigwa hapimwi kwanza ili tujue anapigwa mara ngapi kwa wiki. Anaondolewa hatarini leo, kwa Sheria ya Mtoto na kwa utu wa kawaida. Simu iliyopigwa 116, namba ya msaada kwa watoto, haizai kipindi cha awali. Vilevile matukio yanayotokea mara moja, kama kumpatia mtoto familia ya kulelewa, hayana umbo la grafu. Anayekuambia kila shauri linaweza kuwekwa kwenye karatasi ya miraba hajakaa zamu ofisini.

Tuseme basi awali imepatikana na mruko ni wa kweli. Bado hatujajua nani kauleta. Huenda wiki ile ile ya tisa shule ilianza kutoa uji saa nne. Huenda bomba jipya limefunguliwa mtaani na biashara ya mkokoteni imekufa yenyewe. Muundo wa A-B hauna ulinzi dhidi ya maelezo hayo, ila afisa mwenye daftari mkononi anaweza kufanya jambo rahisi ambalo vitabu havilitilii mkazo: kuhesabu mahudhurio ya watoto wengine watatu wanne wa darasa lile lile kwa wiki zile zile. Ikiwa ni uji, nao watakuwa wamepanda. Katika mazingira yetu ukaguzi huo ni wa lazima, kwa sababu maisha yanafuata misimu kwa nguvu. Masika hufunga barabara, mavuno huwatoa watoto darasani, Ramadhani mwambao hubadilisha saa za kazi na za kulala, likizo ya Juni hukata mfululizo. Grafu inayoanza mwezi wa kilimo na kuishia baada ya mavuno itapanda hata afisa akiwa likizo.

Ulinzi ulio imara zaidi wanaoupendekeza wanasayansi ni kuiondoa afua na kuirejesha. Kama hali ikiporomoka afua inapoondolewa na kuinuka inaporudi, ni vigumu kudai ni bahati. Kwa njiwa wa maabara sina tatizo. Kwa mtoto aliyeanza kuzoea darasa, kumwambia bibi arudishe mkokoteni asubuhi ili tuthibitishe jambo ni ukatili, na nashangaa jinsi vitabu vinavyohitaji kurasa kadhaa za maadili kufikia jibu hilo. Isitoshe, afua nyingi za ustawi haziondoleki: bibi akishaelewa kitu, huwezi kumfanya asikielewe.

Lakini kuna kuondolewa kwa afua ambako hakuna aliyekupanga, na huko kunatokea katika nchi zetu kila mwaka. Afisa anahamishwa na nafasi yake inakaa wazi miezi. Mradi unafika mwisho, gari linarudishwa, wahudumu wa jamii wanaambiwa posho zimekwisha. Kwa lugha ya grafu, hicho ni kipindi cha A kilicholetwa na mazingira. Wateja walioinuka kwa kushikiliwa tu wataonekana wakishuka. Waliojengewa kitu chao wenyewe watabaki juu. Hakuna kipindi chenye mafunzo mengi kuliko hicho, na ndicho kipindi ambacho hakuna anayeandika chochote, kwa kuwa aliyekuwa akiandika ameondoka na mradi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona inatufaa kuliko zote: kuanza kwa kupishana. Unachukua watoto watatu wenye shida inayofanana katika shule tatu, unaanza kuwapima wote pamoja, kisha unaanza afua kwa wa kwanza, baada ya wiki tatu kwa wa pili, baada ya nyingine tatu kwa wa tatu. Kila mmoja akiinuka pale tu zamu yake inapofika, wala si kabla, uji na bomba vinapoteza nguvu kama maelezo. Hakuna anayenyang'anywa huduma. Na foleni tayari ipo: afisa mmoja mwenye mashauri mengi hawezi kuyaanza yote siku moja hata akitaka. Anachotakiwa ni kuandika hali ya waliomo kwenye foleni wakati wanasubiri, kitu ambacho leo hakifanyiki. Tahadhari ni moja. Foleni ikipangwa kwa ukali wa shida, wa kwanza ndiye aliyekuja siku yake ilipochacha kuliko wote, na nafuu yake itachanganyika na kule kupoa nilikokueleza. Pale ambapo shida zinalingana, ni heri kupiga kura.

Kuhusu nini kipimwe, mabishano yamekuwa makali. Walter Hudson, aliyetunga dodoso nyingi fupi za kupima migogoro ya ndoa, huzuni na kujithamini, zote kwa alama za 0 hadi 100, aliandika mwaka 1978 kwamba shida ya mteja isiyopimika haipo, na kwa hiyo haitibiki. Miaka mitatu baadaye Martha Heineman akaishambulia imani ya namna hiyo kwa nguvu, akisema ustawi wa jamii umeng'ang'ania picha ya sayansi ambayo wanafalsafa wa sayansi wenyewe wamekwisha kuiacha, na kwamba picha hiyo inafukuza maswali muhimu ili yabaki yale mepesi kuhesabika. Nikiwasoma wote wawili naona Heineman alikuwa sahihi kuhusu falsafa, na Hudson, pamoja na kutia chumvi, aliuelewa vizuri zaidi udhaifu wa majalada. Shida nyingi zipo bila kipimo. Ila afisa asiyeweza kusema ataitambuaje nafuu ikija, hata kwa hesabu ya vidole, mara nyingi hajaielewa shida yenyewe.

Kwa Kiswahili vipimo rasmi si vingi, lakini vipo. Dodoso ya sonona yenye maswali tisa, PHQ-9, ambayo alama zake huanzia 0 hadi 27, imetafsiriwa na kupimwa Kenya na Tanzania. Inafaa kwa mwanamke anayekuja akisema ana mawazo mengi, mradi isiwe ndiyo peke yake. Swali alilolitunga yeye mwenyewe pamoja na afisa huenda likawa nyeti zaidi kwa mabadiliko yake: wiki hii umelala usiku mzima siku ngapi? Umekwenda sokoni siku ngapi? Ni vizuri kuwa na vipimo viwili, kimoja kutoka kinywani mwake na kingine kutoka kwa mtu au daftari lisilojua anachotamani kusikia afisa. Vikitofautiana, mazungumzo ya Ijumaa hiyo yameshapata ajenda.

Marekani, ambako njia hii ilizaliwa, ilisukumwa kwa nguvu. Miaka ya 1980 baraza linaloidhinisha vyuo vya ustawi wa jamii likataka wanafunzi wafundishwe kutathmini kazi yao, na kozi za mhusika mmoja zikaenea. Kisha watafiti wakawafuatilia wahitimu kazini na kukuta kwamba waliokuwa wakiitumia kwa ukamilifu ni wachache. Sababu walizotoa zinafahamika hadi Kijitonyama, kilipo chuo chetu cha ustawi wa jamii: muda hautoshi, msimamizi haulizi, fomu za ofisi hazina nafasi ya grafu. Nadhani kuna sababu nyingine. Walifundishwa muundo mzima kwa mkupuo, wa kuondoa na kurudisha, wenye majaribio ya takwimu, kana kwamba kila shauri litachapishwa kwenye jarida. Anayetakiwa kufanya yote au asifanye kabisa atachagua kutofanya. Madaktari walifanya busara zaidi: katika ngazi za ushahidi zilizochapishwa Oxford mwaka 2011, jaribio la bahati nasibu kwa mgonjwa mmoja limewekwa ngazi ya juu kabisa, lakini hakuna anayemtaka daktari wa zahanati alifanye kwa kila mwenye kikohozi. Anatakiwa tu ajaze kadi.

Kwa hiyo ningependa kuona grafu zikianza na msimamizi. Kila afisa achague mashauri mawili tu katika robo mwaka, yale ambayo shida yake inajirudia na rekodi yake ya nyuma inapatikana: utoro, kutohudhuria kliniki, matunzo yasiyolipwa na baba. Kikao cha usimamizi kianze kwa kuweka karatasi hizo mezani, na swali la kwanza liwe nukta ya wiki hii iko wapi, kabla ya kuuliza ziara ngapi zimefanyika. Mstari ukilala wiki tano sita, afua ibadilishwe; kwa jalada la kawaida afisa anaweza kuendelea na ushauri nasaha usiozaa kitu mwaka mzima bila yeyote kushtuka. Grafu hizo zisipelekwe kwa mfadhili zikiwa na alama za kushindana. Siku afisa atakapopandishwa cheo kwa sababu ya mistari inayopanda, atachagua wateja ambao wangepanda wenyewe, na mwalimu wa darasa atajua namna ya kujaza daftari. Wala zisibandikwe ukutani. Katika kata ambamo kila mtu anamjua bibi wa nani ana mkokoteni, karatasi isiyo na jina bado ina jina.

Mteja aione yake, na nakala yake abaki nayo akiitaka. Afisa akihamishwa, mrithi wake ataelewa zaidi kwa kutazama ukurasa huo mmoja kuliko kwa kusoma barua zote za mtendaji. Na shauri likifungwa, ukurasa usifungwe nalo. Muhula unaofuata, afisa akipita shuleni kwa jambo jingine, aombe daftari lile lile na ahesabu wiki sita. Akikuta 4, 5, 4, 4, 4, 4, majirani wananunua maji jioni na mambo yameshika. Akikuta 3, 2, 3, 2, 1, 2, kilichokuwa kikimpeleka mtoto shule ni ile pikipiki ya afisa ya kila Ijumaa, na itabidi arudi kwa bibi kuuliza upya kuhusu bei ya dumu.